Mbwa Mwenye Muhuri

Hii si ya zamani, wala si ya kale. Ni ya juzijuzi, na wengi wa wahusika bado wanakula na kunywa. Nchi yenyewe hatuitaji, maana ni nchi yenye amani nyingi mno, na amani ya namna ile haipendi kutajwatajwa.

Nchi hiyo ilikuwa mikononi mwa Mlezi wa Taifa. Alikuwa na jina lake la kuzaliwa kama watu wengine, lakini lilistaafishwa kwa manufaa ya umma. Siku moja Mlezi alikwenda mazikoni kijijini kwao, na huko akaona jambo lililomkuna moyo. Watani wa marehemu waliingia msibani wakicheka. Walivaa kofia ya marehemu, wakaigiza alivyokuwa akikohoa, wakamkamata jogoo wake wakamchinja bila kuomba ruhusa, na wafiwa hawakukasirika. Mjane mwenyewe aliwapa chumvi. Mlezi aliondoka mapema kwa sababu ya kazi nyingi, kwa hiyo hakuwaona watani wale wale wakichimba kaburi, wala hakupata mtu wa kumwambia kwamba katika utani zamu hugeuka.

Alirudi mjini akiwaza. Ofisi zake zilikuwa zikigombana kutwa kucha, kila moja ikitaka kula kabla ya mwenzake. "Kumbe dawa tunayo wenyewe," akasema, na wasaidizi wake wakaandika kwamba amesema.

Ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Utani wa Taifa. Kila ofisi ilipewa mtani wake: Polisi na Mahakama, Afya na Hazina, Mifugo na Mipaka. Sheria ilikuwa fupi, kama zilivyo sheria nyingi za kutisha. Mtani anaweza kumwambia mtani wake neno lolote na kuchukua chochote kilicho chake. Anayecheka, amekubali. Anayekasirika, ametenda kosa.

Magomvi yalikwisha siku ile ile. Hakimu alipomhukumu mwizi, polisi walishika mbavu kwa kicheko na kumwachia mwizi aende nyumbani. Siku nyingine walimkamata mtu ambaye hakuhukumiwa na yeyote, na Mahakama nayo ikacheka. Wizara ya Afya ilipoomba dawa, Hazina iliwapelekea magunia ya njugu, na wagonjwa wakaelekezwa watabasamu. Wizi ulipungua sana nchini, kwa maana kwamba uliitwa utani. Raia peke yao hawakupewa mtani. Mzee mmoja aliyeuliza sababu aliambiwa kwamba raia ni mgeni mwalikwa, kazi yake ni kufurahi.

Palikuwa na hitilafu ndogo tu. Siku orodha iliposomwa katika uwanja wa taifa, kila ofisi ilipata mwenzake isipokuwa Bendi ya Taifa, iliyobaki pale katikati ya uwanja na matarumbeta yake mikononi. Mlezi, kwa kuwa alikuwa na furaha, akashika kipaza sauti. "Bendi msihuzunike," alisema. "Nyinyi nitataniana nanyi mimi mwenyewe." Watu walipiga makofi mpaka viganja vikavimba.

Mpiga tromboni mmoja, kijana aliyeitwa Kigwe, alidhani sheria ni sheria. Kwenye dhifa moja alisema kwa sauti kwamba nishani za Mlezi zikiyeyushwa zitatoa sufuria ya wali wa watu wote. Mlezi hakukasirika, sheria ilimkataza. Alitabasamu. Tromboni ya Kigwe iliokotwa kando ya reli, na Kigwe mwenyewe hajaonekana mpaka leo. Tangu hapo Bendi ya Taifa ilisifika kwa uzito wa nyuso zake.

Mwanamke aliyekaa kiti cha pembeni ya Kigwe, mpiga tarumbeta, aliitwa Nyamizi. Alipiga mpaka akastaafu, na hakuwahi kutania mbele ya picha ya Mlezi hata akiwa peke yake chumbani.

*

Nyamizi alikuwa na binti mmoja, Semeni, aliyeolewa ng'ambo ya mto, katika nchi jirani. Semeni alijifungua pacha, mumewe akawa kazini mbali, akampigia mama yake simu huku watoto wote wawili wakilia kwa zamu. "Mama, njoo. Nimezidiwa." Nyamizi alikubali kabla binti hajamaliza kusema. Alikuwa na sharti moja tu, nalo lilikuwa limelala miguuni pake wakati huo huo likikoroma. Lilikuwa mbwa jike mzee wa rangi ya kahawia, jina lake Kashata.

Mtaani walimcheka. Katika nchi ile aliyehama hakuhama na mnyama. Alifunga mlango wa nyumba, akafungua geti, akamwambia mbwa "Mungu atakuangalia," akapanda gari. Ndiyo maana mitaa ya wakubwa ilijaa mbwa wenye mikanda mizuri shingoni na mbavu za kuhesabika.

Kashata mwenyewe aliachwa hivyo hivyo. Alikuwa wa Waziri wa Familia na Maadili. Waziri alipoteuliwa kuwa balozi alibeba mapazia, jokofu, hata kengele ya mlangoni, akamwacha mbwa amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza. Nyamizi alikuwa jirani. Alimsikia akibweka, kisha akilia, kisha sauti ikawa nyembamba mpaka ikabaki pumzi tu, na hapo ndipo alipoazima msumeno wa chuma na kuruka ukuta, mtu mzima vile. Shingo ya mbwa ilibaki na pete ya ngozi isiyoota manyoya. Aibu ya kuchelewa kuruka ukuta ule haikumtoka Nyamizi, na siku ile aliapa kwamba kiumbe aliyekuzoea mkono humwachi barabarani.

Kwa hiyo akahangaika kama mtu anayesafirisha mtoto. Alimpeleka Kashata kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, akampa dawa ya minyoo, akakubali achomekwe chini ya ngozi kile kidude chenye namba. Alimtengenezea tundu kubwa ambalo mbwa anaweza kusimama na kujigeuza ndani yake, akatandika humo kanga yake kuukuu ili Kashata anuse harufu ya nyumbani, na kila siku alimlisha humo mlango ukiwa wazi mpaka mbwa akaliona tundu kuwa ni chumba chake.

Asubuhi ya safari, Daktari Ndimbo wa Idara ya Mifugo alifunga tundu kwa lakiri, kile kipande cha bati chenye muhuri wa serikali, akampa Nyamizi cheti. Hakuonekana kufurahi.

"Mama Semeni," alisema, "karatasi hizi ni za kweli. Hapo ndipo ninapoogopa."

"Sasa daktari, ningetafuta za uongo?"

"Za uongo zingepita. Wale wa Mipaka wakiona muhuri wetu tu, wanakumbuka kwamba sisi ni watani wao. Juzi walituchukulia fahali wa maonyesho. Tulipouliza, walitutumia mkia."

"Mkafanyaje?"

"Tukacheka. Tungefanyaje?" Daktari alipangusa miwani. "Ningekwambia uende bila karatasi, lakini ng'ambo hawapokei mnyama asiye na cheti wala tundu ambalo lakiri yake imekatwa. Ng'ambo wanasoma. Sikiliza, mama. Pale mpakani wakianza, usicheke. Ukicheka umekubali, na maneno yamekwisha. Wala usikasirike, watakufungulia kesi na mbwa atabaki huko huko. Weka uso katikati."

"Katikati ya nini na nini?"

"Mimi mwenyewe sijui," alisema Daktari Ndimbo. "Mke wangu anadai uso wangu ulikwenda huko siku moja na haukurudi."

*

Kituo cha mpakani kilikuwa jengo refu lenye kaunta moja, benchi moja na picha moja kubwa ya Mlezi akitabasamu. Nyuma ya jengo palikuwa na uwanja wa bendera, na nyuma ya bendera palikuwa na Banda la Mapumziko. Mbele kulikuwa na daraja, na ng'ambo ya daraja Semeni alikuwa akingoja na pacha wake.

Nyamizi aliingia foleni akivuta tundu juu ya toroli. Mbele yake alisimama mwanamume mwenye gunia lililokuwa likitikisika.

"Nini humo?" aliuliza sajini wa kaunta, aliyeitwa Mavumba.

"Kobe, afande."

"Wana karatasi?"

"Hawana."

"Wana muhuri wowote?"

"Wapi, afande. Nimewaokota tu porini."

"Basi pita, usitupotezee muda." Gunia lilipita, na mguu mmoja wa kobe ulichungulia kwenye tobo la gunia kana kwamba unaaga.

Zamu ya Nyamizi ikafika. "Shikamoo, mama," alisema sajini kwa adabu, maana shikamoo haina gharama.

"Marahaba, mwanangu."

Sajini aliinama kutazama tundu. Alipoona lakiri, uso wake ukachangamka. "Mkuu!" aliita. "Watani wametuletea."

Mkuu wa Kituo, Bwana Lumbanga, alitoka ofisini akipangusa mdomo. Alikuwa mtu wa kitambi na maneno mazuri, na inasemekana alipata cheo kwa kucheka kwa muda mrefu kuliko wenzake kwenye usaili. Alichukua cheti akakisoma kwa sauti ili foleni nzima inufaike.

"'Mbwa jike, rangi ya kahawia, jina Kashata.' Jamaa wa Mifugo siku hizi wanauza vitafunio." Foleni ilicheka. "'Tabia, mpole.' Mpole kuliko nani? Waliompima ni wao wenyewe." Foleni ilicheka tena, hata wasiosikia, kwa sababu kutocheka mahali pale kulikuwa kunazua maswali. "'Mmiliki anawajibika kwa mnyama huyu maisha yake yote.' Maisha ya nani jamani, ya mbwa au ya mama?"

Nyamizi alikaza midomo. Aliwahi kusimama juani na tarumbeta mdomoni akingoja zamu yake katika wimbo wa taifa huku nzi akimtembea puani, na sasa alijikumbusha namna ile ya kusimama. Alipumua kwa pua. Hakutazama mtu.

"Kwa mujibu wa Sheria ya Utani," alisema Mkuu, "mali hii ya Mifugo nimeichukua."

"Baba, huyu mbwa ni wangu."

"Muhuri ni wa nani?"

"Wa Mifugo."

"Basi. Kila chenye muhuri wa mtani ni cha mtani, na cha mtani ni changu." Alimsogelea Nyamizi mpaka harufu ya kitunguu ikamfikia, akamchunguza mdomo, akamchunguza paji la uso. "Mama, unacheka?"

"Sicheki."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika," alisema, na kusema hivyo kulimuuma.

"Raia mwema," alisema Mkuu, akamrudishia cheti, akaonekana amevunjika moyo kidogo. Askari wawili walibeba tundu. Kashata hakubweka. Alimtazama Nyamizi kupitia nondo, kisha akatazama mbele, kwa kuwa alizoeshwa kwamba ndani ya tundu hakuna baya.

"Mnampeleka wapi?"

Sajini alionyesha ubao ukutani kwa kidevu. Uliandikwa kwa rangi ya kijani, rangi ya matumaini: MNYAMA ASIYE NA MWENYEWE ATAPUMZISHWA BENDERA IKISHUSHWA. Kupumzishwa, katika nchi ile, kulikuwa na maana moja tu, kwa mbwa na kwa watu.

"Lakini ana mwenyewe," alisema Nyamizi. "Ni mimi."

"Mwenyewe ni Mifugo, kama muhuri unavyosema," alieleza Mkuu kwa upole wa mwalimu. "Je, Mifugo yupo hapa?"

"Hayupo."

"Basi mnyama hana mwenyewe. Anayefuata!"

*

Nyamizi alikaa kwenye benchi. Foleni ilipita mbele yake. Kasuku wasio na karatasi walipita, tumbili aliyevalishwa nguo za mtoto alipita na kupungiwa mkono, na mbuzi waliosema waziwazi kwamba wao ni mbuzi walipita. Jua lilishuka. Kutoka kwenye banda alimsikia Kashata akibweka, kisha akilia. Kisha sauti ikaanza kuwa nyembamba, na Nyamizi aliijua sauti ile. Aliisikia zamani akiwa upande wa pili wa ukuta.

Sajini Mavumba alipokuwa akifunga dirisha la kaunta alimwonea huruma. "Mama, nenda zako. Wajukuu wanakungoja. Mbwa ni mbwa."

Neno lile halikuwa baya, na Nyamizi aliinuka kweli. Alishika mfuko wake. Semeni alikuwa ng'ambo na watoto wawili na hajalala. Pale pale akamkumbuka yule Waziri wa Familia. Naye hakuwa na sababu mbovu. Ndege ilikuwa inamngoja, mke alikuwa anamharakisha, kazi ya taifa ilikuwa inamwita. Hakuna aliyewahi kumwacha mbwa kwenye mnyororo bila sababu nzuri.

Sajini alitoka kwenda kwenye mlingoti, ulioonekana kupitia dirisha la nyuma. Alifungua kamba, akaanza kuishusha bendera polepole.

Hapo Nyamizi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, kwa sababu alijua la kufanya. Alikuwa amelijua tangu asubuhi, na amekuwa akijifanya halijui. Akilini alimwona Kigwe akicheka na kikombe mkononi. Aliona tromboni kando ya reli. Alilivuta benchi hadi ukutani, akapanda juu yake, akaishusha picha ya Mlezi.

"Nimechukua," alisema.

Mkuu wa Kituo alikuwa ameanza kucheka kwa mazoea, akakatiza kicheko ghafla. Kucheka kulikuwa kukubali kwamba Mlezi achukuliwe. Akakunja uso kwa hasira, akakumbuka kwamba hasira ni kosa, akaukunjua. Uso ukawa unakwenda na kurudi na hauna pa kutua.

"Mama," alisema polepole, "unafanya nini?"

"Utani. Mimi ni Nyamizi, tarumbeta ya pili, Bendi ya Taifa, mstaafu. Mlezi alisema uwanjani mwenyewe kwamba Bendi ni watani wake. Ulikuwepo?"

"Nchi nzima ilikuwepo."

"Ulipiga makofi?"

"Nilipiga," alisema Mkuu. "Nilipiga sana."

"Basi picha ya mtani wangu nimeichukua." Alishuka kwenye benchi akiwa na picha kwapani. "Na lile tundu nalo nalichukua."

"Tundu ni la Mifugo!"

"Kaisome lakiri. Juu kuna kichwa cha Mlezi. Jina la Mifugo liko chini, kwa herufi ndogo. Wewe uliniambia kila chenye muhuri wa mtani ni cha mtani. Sasa niambie, baba, mbele ya mashahidi hawa: kichwa cha Mlezi na herufi za Mifugo, kipi kikubwa?"

Mkuu wa Kituo alitazama sajini. Sajini, mkono ukiwa juu ya kamba, alitazama bendera. Lilikuwa swali rahisi kiasi kwamba hakuna mtu katika nchi ile ambaye angeweza kulijibu na kubaki na kazi. Mkuu alifanya kitu pekee ambacho mkubwa hufanya akizidiwa. Alimpigia simu mkubwa wake.

Kwa mujibu wa kanuni, simu ya Ikulu ikiwa hewani watumishi wote husimama wima wasitikisike. Sajini Mavumba akaganda na kamba mkononi, na bendera ikabaki nusu ya mlingoti, haijui kama kuna msiba. Nyamizi alisikiliza upande wa banda. Hakusikia kitu.

Sauti ya mpambe wa Ikulu ilisikika chumba kizima. "Rudia. Nani amechukua nini?"

"Mtani wa Mlezi, mheshimiwa. Wa Bendi. Amemchukua Mlezi. Picha yake. Na mbwa."

Mkuu alihamishia simu sikio la pili.

"Tunaomba maelekezo," alisema Mkuu kwa sauti ndogo. "Je, Mlezi anacheka, au..." Hakuthubutu kumalizia.

Mpambe alikuwa mtu mwenye watoto. Kumwendea Mlezi na kumuuliza hakuwezi. Kusema kwamba Mlezi amekasirika ni kusema kwamba Mlezi amevunja sheria ya Mlezi. Nyamizi aliweza kumsikia akipumua, na akatambua kwa mshangao kwamba kule Ikulu nako watu huweka nyuso zao katikati.

"Andika," sauti ilisema mwishowe, "kwamba Mlezi amecheka."

"Amecheka kweli, mheshimiwa?"

"Kwani wewe unataka kusema hakucheka?"

"Hapana, hapana. Amecheka sana."

"Basi chekeni." Mpambe alikohoa. "Na huyo mama mwambieni asiondoke. Akae hapo hapo angoje. Mlezi atamtumia zawadi ya utani. Gari linakuja."

Simu ikakatika. Mkuu wa Kituo alianza kucheka, askari wakamfuata, na foleni iliyobaki ikaitikia. Kilikuwa kicheko kikavu cha kutimiza wajibu, na macho ya waliokuwa wakicheka yalikuwa makavu vile vile. Askari wawili walilileta tundu mbio wakicheka, wakalipandisha juu ya toroli. Lakiri ilikuwa nzima. Kashata alikuwa amejikunja juu ya kanga, na alipoiona sketi ya Nyamizi mkia wake uligonga ubao mara moja, kisha tena.

Nyamizi hakucheka. Alishika kamba ya toroli. Alipopita mlangoni, Sajini Mavumba, aliyekuwa amerudi kutoka mlingotini, huku akicheka kama alivyoamriwa, alimwinamia sikioni.

"Mama," alinong'ona, "zawadi za huko hazingojwi. Hata mwenzako wa tromboni aliambiwa angoje."

Wazee husema mzaha mzaha hutunga usaha, na Nyamizi hakukaa kuona jipu likipasuka. Alilivuta toroli darajani. Gurudumu moja lilikuwa likilia, na kila lilipolia alihisi mgongo ukimwasha. Nyuma yake kicheko kiliendelea muda mrefu, kwa kuwa hakuna aliyeamriwa kuacha, na aliyekuwa akicheka hakuweza kumzuia. Kisha katikati yake akasikia gari likisimama kwa kishindo na milango ikifunguka. Hakugeuka. Mtu mzima akikimbia huanguka, kwa hiyo hakukimbia. Alitembea hatua za gwaride, zile ambazo Bendi ilifundishwa kutembea mbele ya wakubwa, na hakuzipunguza mpaka alipoiona rangi ya nondo za daraja ikibadilika na kuwa ya nchi nyingine.

*

Ng'ambo palikuwa na kibanda kidogo na ofisa mmoja wa makamo, mwanamke aliyevaa miwani na sweta la kufuma. Semeni alikuwa nyuma ya uzio, mtoto mmoja begani na mwingine mgongoni, akilia na kupunga mkono.

Ofisa alipokea cheti akakisoma. Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili. Aliposhindwa kusoma tarehe ya chanjo alisogeza taa. Alizunguka tundu, akaikagua lakiri, akapitisha mashine yake juu ya shingo ya Kashata mpaka ikatoa namba, akailinganisha namba na ile ya karatasi. Alipoiona pete ya ngozi isiyo na manyoya, alisimama kidogo.

"Hii ni ya mnyororo?"

"Ya zamani," alisema Nyamizi. "Ya kabla yangu."

"Pole yake." Ofisa aligonga muhuri. "Karatasi zako ziko sawa, mama. Karibu."

Nyamizi akaangua kilio. Alilia kwa sauti, amekaa juu ya tundu, mabega yakitikisika, na ofisa akashtuka. "Mama, kuna kosa nimefanya?"

"Umesoma," alisema Nyamizi. "Umesoma yote."

Ofisa hakuelewa, lakini alimpa maji, na akamngoja. Maji yalipokwisha alitazama ile picha kubwa ambayo Nyamizi bado aliibana kwapani bila kujua. Alirekebisha miwani. Alimtazama Mlezi kwa makini aliyokuwa amemtazama nayo mbwa.

"Na huyu?" aliuliza. "Naye amechanjwa?"

Nyamizi alimtazama usoni kutafuta dalili ya mzaha. Hakuona dalili yoyote. "Hajachanjwa," alijibu.

"Ana mtu anayewajibika kwake?"

"Hana."

"Basi huyo hawezi kuingia," alisema ofisa, akaichukua picha, akaiegemeza kwenye nondo za daraja, uso wa Mlezi ukielekea nchini kwake. Alipogeuka, mashavu yake yalikuwa yakimcheza chini ya miwani.

Hapo Nyamizi alicheka. Alicheka kile kicheko kilichomkaa kifuani tangu enzi za Kigwe, mpaka Kashata akabweka ndani ya tundu na pacha wote wawili wakaamka. Ofisa naye alicheka, na Semeni nyuma ya uzio akacheka bila kujua cha kuchekea. Hakuna aliyeandika kwamba mama huyu amekubali chochote.